Miezi Sita Ikiisha, Ondoka

Basi yule mama wa kliniki akanishika mkono, akaniambia, "Dada, nafasi hii nakuwekea mpaka Alhamisi. Ukija, viza tunakubadilishia sisi wenyewe. Usipokuja, nampa mwingine." Mimi nikamjibu inshallah, na huku moyoni najua siendi. Kwa nini siendi? Kwa sababu Hamdan alikuwa anaota meno.

Andika hivyo hivyo, Nyambura, usinitengenezee. Mwanangu anaijua sauti yangu. Ukimwandikia Kiswahili cha redio atasema hii barua mama kaiokota wapi.

Swabra, mamangu, habari hiyo ya kliniki nilikuanzia Ijumaa ile uliponitembelea, madam akaita, nikaiacha njiani. Ndo naimalizia leo. Anayeniandikia ni Nyambura, mpishi wetu mpya, yule wa Nyeri ulokutana naye mlangoni, anayecheka kama gari linalokataa kuwaka. Auliza na hilo aliandike? Liandike. Tumekaa jiko la nje, feni yazunguka, joto lile lile. Ndani wamekula mchana na wote wamelala, hata paka.

Ndege yako ni kesho asubuhi. Nimeomba ruhusa nije kukusindikiza uwanjani, madam kasema inshallah. Sasa wewe waijua inshallah ya nyumba hii. Ndo nikaona bora niseme kwa karatasi, dereva akuletee jioni huko kwako Discovery Gardens akienda kumchukua shangazi yao. Hata nikija kesho, nitakuwa nalia tu, sitasema la maana.

Sikwambii ule, sikwambii usali, sikwambii uvae sweta. Hayo utayajua baridi ikikushika. Kuna jambo moja tu limenikaa hapa kooni tangu Ijumaa.

Siku ile uliniambia maneno mawili. La kwanza lilinichekesha mpaka nikashika ukuta. Ulisema, "Mama, viza yangu ya Australia ni ya kutembea na kufanya kazi. Serikali yao haitaki nikae kwa tajiri mmoja zaidi ya miezi sita. Miezi sita ikiisha, natafuta mwingine."

Nikakuuliza, "Na ukikaa?"

"Nimevunja sharti la viza."

Wallahi nilicheka. Mimi miaka yote hii hapa kosa lilikuwa kuondoka. Ukitaka kutoka kwa tajiri wako, unaulizwa una ruhusa ya nani, karatasi iko wapi, kafili wako, yule mwenye viza yako, amejua. Kumbe iko nchi ambayo kosa ni kukaa! Nikasema, serikali hiyo ingekuwa ya hapa, mimi leo ningekuwa mtu mwingine.

Kisha ukasema la pili. Ukasema, "Usijali, mama. Shemeji yake bosi wangu wa hapa Oud Metha ana tanuri la mikate huko Australia, mji mdogo. Tumeongea kwa video, yeye na mkewe. Watu wazuri sana. Wamenionyesha mpaka chumba. Kasema miezi sita ikiisha ataniandika kwa kampuni ya mkewe, na mimi nitabaki pale pale, tanuri lile lile. Kaniambia, Swabra, wewe tayari ni mtu wa nyumbani."

Ulisema huku wacheka. Mimi nikanyamaza, ukadhani nimefurahi. Halafu nikaitwa, nikakwambia ngoja nikusimulie habari ya kliniki moja, sikumaliza, ukaondoka. Tangu siku ile nikikanda unga nasikia lile neno. Mtu wa nyumbani.

Nyambura ameweka kalamu chini. Asema, "Mathe, kwani kuna ubaya gani? Amepata watu poa, amepata kwa kulala, kila miezi sita kutafuta kazi upya ni stress. Mimi ningekuwa yeye ningekaa." Haya, nimekusikia, Nyambura. Wewe una mwaka tu nchi hii. Andika, kisha mwisho utaniambia tena.

Wajua nilivyokuja, Swabra, lakini wajua kwa upande wako, upande wa mtoto aliyeachwa Malindi kwa nyanya yake. Upande wangu hujawahi kuusikia wote, kwa sababu ukija tuna saa mbili tatu, nazo zote zaenda kwa chakula.

Mimi nililetwa kwa Umm Salem, mamake madam Hessa huyu wa sasa. Viza yangu ilikuwa kwa jina la Umm Salem. Mwanamke mnene, mwenye huruma, apenda kucheka. Jina langu la Mwanahawa lilimshinda, akaniita Mariam, kwa sababu aliyenitangulia aliitwa Mariam na ulimi ulikuwa umeshazoea. Nikasema haya, Mariam si jina baya.

Chumba changu kilikuwa kando ya mashine za kufulia, mlango haufungi. Mafundi, madereva, watu wa gesi, wote wapita pale. Nikaogopa pasipoti yangu itaibwa. Ile pasipoti niliihangaikia mpaka viatu vikaisha soli. Basi nikaishika kwa mikono miwili, nikamwendea Umm Salem mwenyewe, nikamwambia, mama, niwekee. Akacheka, akanifinya shavu, akaitia ndani ya sanduku la dhahabu zake, akafunga, ufunguo akautia kifuani.

Watu husimulia matajiri wanaowanyang'anya wafanyakazi pasipoti. Yangu hakuna aliyeninyang'anya. Niliipeleka mwenyewe, na nikaona fahari! Nilimwambia nyanya yako kwa simu, mama, pasipoti yangu imelala na dhahabu za Waarabu. Nyanya akaniuliza, "Na wewe umelala na nini?" Nikakasirika, nikakata simu. Nilidhani ananionea wivu.

Halafu Hessa akajifungua Hamdan. Umm Salem akaniambia, "Mariam, nenda Al Twar kamsaidie mwanangu mpaka atoke arobaini." Nikaja na mfuko mmoja wa nguo. Arobaini ikatoka, ubani ukafukizwa, mbuzi akaliwa, na hakuna aliyesema rudi. Mimi pia sikuuliza. Kwa karatasi niko kwa mama, kwa mikono niko kwa mwana. Wala hawakufanya kwa ubaya, mwanangu. Kwao ni jambo la kawaida, kama vile kwetu ile sufuria kubwa ya shughuli inavyozunguka mtaa mzima. Leo iko kwa huyu ana harusi, kesho kwa yule ana hitima. Mwenyewe akifa, hakuna anayekumbuka ilikuwa ya nani.

Na Hamdan, maskini, alikuwa mtoto wa kuumwa tumbo. Analia mpaka anageuka rangi. Mamake akimbeba analia zaidi. Mimi nikimbeba, kimya. Sasa wewe fikiria mwanamke aliyemwacha mtoto wake mwenyewe akiwa na miaka minane kibarazani kwa nyanya, halafu anapewa mtoto ambaye dunia nzima hataki mtu mwingine ila yeye. Unaona? Nilikunywa lile penzi kama maji. Niliona Mungu amenirudishia.

Siku moja nikampeleka kuchanjwa, kliniki moja kule Oud Metha, dereva akatuacha mlangoni. Hapo ndo nikamwona yule mama, mwanamke wa Tanga, msimamizi wa wasafishaji. Akanisikia namwimbia mtoto kwa Kiswahili, akaja. Tukasemeshana. Akaniuliza una mtoto wako? Nikamwambia ninaye. Umemwona lini? Nikamweka Hamdan bega la pili. Hapo ndo akanishika mkono, akaniambia hayo niliyoanza nayo. Kazi ya kufagia kliniki, ukimaliza umemaliza, unakwenda kwako. Kila mwaka likizo, tikiti ya ndege juu yao. "Kila mwaka utamwona mwanao," akaniambia. "Lakini njoo kabla ya Alhamisi."

Nikarudi nyumbani nikamwambia Hessa. Nilimwambia vizuri, kwa adabu. Hakunifokea. Angenifokea, pengine leo tusingekuwa tunaandika barua hii. Alikaa pale kwenye kochi, macho yakajaa maji, akasema, "Mariam, wewe si mfanyakazi. Wewe ni mtu wa nyumbani. Hamdan utamwachia nani, na meno ndo hayo yanatoka?"

Mwanangu, nilihisi mrefu. Nilihisi nimegusa paa la nyumba kwa kichwa. Alhamisi ilipofika nilikuwa hapa hapa, Hamdan begani, nampigapiga mgongo, nikasikia adhana ya Magharibi, nikasema haya, siku imepita.

Nyumba ya tatu kutoka hapa palikuwa na msichana wa Kilifi, Kadzo. Madam wake alimtupia pasi ya moto. Haikumpata, lakini aliondoka siku ile ile, na ndala mguuni, akaenda polisi, akahangaika, akarudishwa kwao. Mimi nikimwonea huruma, nikisema pole Kadzo, mimi alhamdulillah nimepata watu. Leo Kadzo ana saluni Mtwapa, watoto wake walikua wakimuona kila asubuhi. Yeye alirushiwa pasi akaokoka. Mimi nilipendwa nikakaa.

Nyambura, usilie kwenye karatasi, wino utapotea. Asema halii, ni vitunguu. Vitunguu tumekata saa ngapi, wewe?

Sasa sikiliza. Umm Salem akafa. Alikufa vizuri, amelala, baada ya alfajiri. Nilimlilia kama mamangu. Nilipika msibani siku zote, miguu ikavimba. Hakuna mtu, Swabra, hata mimi mwenyewe, aliyekumbuka kwamba kafili wangu ndo yule tunayemzika. Viza yangu ilikwenda naye kaburini, na mimi niko jikoni nachuja chai ya maziwa ya waombolezaji.

Ikapita miezi. Kisha nyanya yako akaugua. Wewe ulinipigia kwa simu ya jirani, ukaniambia, "Mama, nyanya hali uji." Nikaenda kwa Hessa, nikamwambia nataka kwenda nyumbani, mamangu ni mgonjwa. Akasema bila shaka, Mariam, nenda. Pasipoti iko wapi?

Pasipoti iko wapi! Iko kwenye sanduku la dhahabu. Sanduku liko wapi? Waligawana mirathi. Dhahabu walitoa kila mtu akachukua haki yake, na sanduku lenyewe, na makaratasi ya mama, akachukua yule kaka mkubwa. Na kaka mkubwa kampeleka mkewe kutibiwa Ujerumani, nyumba ameifunga.

Pasipoti yangu ilirithiwa, mwanangu. Kama sahani.

Hessa alilia pamoja na mimi. Wallahi machozi ya kweli, alinikumbatia mpaka nikasikia moyo wake. Kisha akajifuta uso, akaniuliza kama Hamdan ameshakunywa maziwa.

"Ngoja, Mariam, kaka atarudi." Nikangoja. Nilingoja kwa sababu nilikuwa mtu wa nyumbani, na mtu wa nyumbani haendi polisi kuwashtaki wenziwe. Haendi ubalozini kukaa kwenye ngazi na wale wasichana waliotoroka. Mimi na wale wapi na wapi! Ndo nilivyowaza. Ningeenda kukaa kwenye zile ngazi, pengine ningemkuta mamangu yu hai.

Siku waliyomzika ulinipigia tena. Sijui kama wakumbuka ulivyosema. Ulikuwa na miaka kumi na moja. Hukulia. Ulisema, "Mama, nimeosha sahani zote za watu wa matanga. Sasa nilale wapi?"

Nyambura, acha nafasi hapo. Acha tu mstari mtupu.

Nilikujibu nini? Nilikwambia lala kwa jirani, mamangu, mama anakuja. Anakuja! Sina pasipoti, sina viza, sina kafili. Kafili yuko chini ya mchanga. Kaka mtu aliporudi na sanduku likafunguliwa, viza ilikuwa imeshakufa zamani, wakaogopa kwenda ofisini wataulizwa kwa nini wamenikalisha. Basi wakanikalisha zaidi. Hapo sikuweza tena kutoka hata dukani. Mpaka serikali ilipotangaza msamaha kwa watu kama mimi, ndo mume wa Hessa akaniandika kwa jina lake, ndo nikapanda ndege. Nilipofika Malindi ulikuwa mrefu kunishinda. Ukanipa mkono. Mkono, Swabra, kama watu wanavyopeana mkono benki. Sikulaumu wakati ule, na leo sikulaumu.

Na Hamdan, uliza Hamdan. Ana ndevu. Si mtoto mbaya. Akinipita husema, "Salaam, Mariam," macho kwenye simu. Mwaka jana nilimwita lile jina la utotoni mbele ya marafiki zake, ile "bumbu", akageuka akaniangalia kama nimevua nguo. Sijamwita tena.

Sasa utaniuliza, ulishaniuliza, mbona hutoki, mama, hata leo? Nitoke niende wapi? Nyumba ya nyanya walishagawana wajomba zako. Magoti yamekwisha. Mahali nimekaa mpaka nimesahau kutoka kunaanzaje. Mtu akiniambia, Mariam, mlango huo, nenda, nitasimama hapo mlangoni kama paka wa ndani aliyefunguliwa, natazama barabara. Hilo ndo wanalokuchukulia watu wazuri, mwanangu. Hawachukui kwa nguvu. Kila siku wewe mwenyewe wawapa kidogo.

Babako, Mungu amweke popote alipo, alikuwa Mtaliano fundi wa mabwawa ya kuogelea. Alitengeneza mabwawa ya nusu ya mahoteli ya Malindi. Alikupenda, alikubeba mabegani pwani kila mtu akiona, akaenda ubalozini kwao akakuandika kuwa ni damu yake. Kisha siku moja kazi zikaisha, akaondoka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kuondoka. Nilimchukia kwa hilo miaka na miaka, na hiyo pasipoti nyekundu ya kwao uliyoipata kwa jina lake, nikiiona naifunika kwa leso. Leo ndiyo inayokupeleka Australia, na mimi nakuombea kwa Mungu uwe umerithi miguu ya babako, si moyo wangu.

Basi turudi kwa huyo mtu wa mikate. Sijamwona, simsemi vibaya. Pengine ni mtu mzuri kweli, na mkewe mzuri. Mimi ndo hao wazuri ninaowaogopa. Wewe nenda kwake. Fanya kazi, jifunze tanuri lao, kula mkate wao, cheka nao. Miezi sita ikiisha, ondoka. Kama unaona umependa mno, basi uliniambia mwenyewe serikali ina mlango wa kuombea ruhusa ya kukaa zaidi. Omba, kwa jina lako, mbele ya watu, wakikataa wamekataa. Lakini hiyo ya kuandikwa kwa mke huku uko kwa mume, hapana. Hapana, hapana, hapana. Nyambura, andika tatu.

Kwa sababu nikuulize. Siku ukiungua mkono kwenye tanuri, utasema uliungulia wapi? Kwa mke? Mke hana tanuri. Siku serikali ikija ikauliza huyu msichana yuko kwa nani, nani atasema ni wangu? Kila mmoja atamwangalia mwenziwe, kama walivyoangaliana hawa siku ya sanduku. Na siku ukitaka kuondoka, utamuaga nani? Hapo ndo watakwambia subiri kidogo, Swabra, na watalia na wewe, machozi ya kweli.

Na pasipoti usimpe mtu akuwekee. Hata kama chumba hakina kufuli. Ilalie. Oga nayo.

Nyambura asema sasa amenielewa lakini bado ana swali. Asema, "Mathe, lakini akiondoka ondoka kila mahali, si atakuwa mpweke?" Atakuwa, ndiyo. Sitakudanganya, Swabra. Utafika mji mpya hujui duka liko wapi, utakula mkate mkavu kitandani ukilia, utasema mama aliniponza, ningekuwa kwa wale wazuri saa hizi nakunywa supu. Utasema hivyo. Sema. Nitukane ukitaka, niko mbali, sisikii. Lakini utakuwa mpweke kwa miguu yako mwenyewe, na asubuhi utaamka wewe ndo mwenye kuamua. Mimi nilikuwa mpweke katikati ya watu kumi wananiita jina si langu.

Ngoja. Kengele ya ndani imelia. Wameamka mapema leo. Nyambura, nenda wewe, ukaone wataka nini, mimi niweke chai.

Haya, amerudi. Kalamu anaishika lakini haandiki, nimemwambia andika. Swabra, dada zake madam wanakuja kesho asubuhi kwa kiamsha kinywa, wote, na watoto wao. Wataka mahamri yangu, yale ya iliki, na tambi za mayai. Nyambura alimwambia madam, "Madam, tomorrow daughter Mariam go airport." Madam akasema, "Ah, wallah nimesahau," akashika kichwa. Akasema nikupelekee salamu nyingi sana, na atampa dereva manukato akuletee, chupa mpya haijafunguliwa.

Nyambura asema mahamri atapika yeye. Mahamri yako, Nyambura, tuliyaona wiki ile, paka aliyachezea mpira. Asema basi niende nikamwambie mwenyewe madam, nimwambie mtoto ni mmoja. Nitamwambia nini? Nimesimama hapa, mdomo nimeufungua, nasikia maneno yote yako hapa, na nitakachosema nakijua. Nitasema haya, madam.

Basi kesho usinitafute, mamangu. Usisimame pale mlangoni ukigeuka geuka kila taksi ikisimama. Watu watakupita foleni. Nilitaka nikupe radhi kwa mkono, kama nyanya yako alivyonipa mimi, nikushike kichwa, nikusomee, nikupulizie. Radhi haifai kupewa dereva, lakini ndo hivyo, ipokee hapa. Nimekuridhia, Swabra binti yangu, nimekuridhia maziwa uliyonyonya na hayo ambayo hukunyonya. Ule mkono ulionipa Malindi nimekusamehe, na wewe nisamehe zile sahani. Kokote uendako uende, kokote utokako utoke salama. Sisemi urudi. Wenzangu huwaambia watoto wao rudi, mimi sikwambii. Kesho ukifika pale usiangalie nyuma, ingia tu, saa hiyo mimi mikono itakuwa ndani ya unga na

Naam, madam! Nakuja. Nakuja sasa hivi.

Nyambura, kunja. Kunja hivyo hivyo, mpe dereva.